Hina Isiyongoja Asubuhi

Hina haina haraka. Majani makavu ya mhina hutwangwa na kuchekechwa, unga wake ukakandwa kwa maji ya ndimu au chai ya rangi, na donge likaachwa lilale saa kadhaa kabla ya kupakwa. Bi harusi naye hulala nalo mikononi na miguuni. Asubuhi likibanduliwa, rangi inayoonekana ni ya chungwa tu, tena imepauka, na asiyeijua anaweza kudhani amepunjwa. Ni baada ya siku moja au mbili ndipo inapokolea na kuwa damu ya mzee.

Piko, rangi nyeusi ya kuchorea, haingoji asubuhi. Mpakaji anachora maua kuanzia kidole cha shahada hadi karibu na kiwiko, anamwambia mteja asiguse kitu, na kabla saa haijaisha ua limekuwa jeusi ti. Harusi nyingi za Mombasa, Lamu, Unguja na Dar es Salaam siku hizi zinazitaka zote mbili: piko ya kuchora mistari, hina ya kujazia nafasi. Zikikauka pamoja, jicho linaona pambo moja la jadi. Ngozi inapokea vitu viwili visivyo na undugu wowote.

Kiini cha rangi ya hina ni lawsoni, ambayo mmea wenyewe hujitengenezea kwenye majani. Lawsoni hushikamana na keratini, protini ya tabaka la juu la ngozi ambalo chembe zake zimekwisha kufa. Ndiyo maana viganja na nyayo, penye tabaka nene, hushika rangi kuliko mgongo wa mkono. Na ndiyo maana rangi hutoka yenyewe baada ya wiki mbili tatu, chembe hizo zinapopukutika. Piko ya vipakiti ni rangi ya nywele ya unga. Ndani yake kwa kawaida mna parafenilenediamini, ambayo madaktari huifupisha PPD, kemikali iliyozaliwa Ulaya karne ya 19. Ikikutana na hewa au maji ya kuamshia rangi, hugeuka nyeusi ndani ya muda mfupi. Mhina, hata ungeukanda kwa dua, hauwezi kufanya hivyo.

Sheria za Umoja wa Ulaya zinaruhusu PPD katika rangi ya nywele isizidi asilimia 2 ya mchanganyiko unaofika kichwani, na haziruhusu ipakwe kwenye ngozi hata kidogo. Watafiti wa Umoja wa Falme za Kiarabu walipopima hina nyeusi, jina ambalo piko pia huitwa, na kuchapisha matokeo mwaka 2010, waliikuta PPD katika kila sampuli nyeusi, kuanzia asilimia 0.4 hadi 29.5. Hesabu hiyo ya juu ni takribani mara 15 ya kiwango ambacho Ulaya inakikubali kwenye nywele, na hapa inazungumziwa ngozi ya mkono, mara nyingi ya msichana, wakati mwingine ya mtoto wa miaka 5 aliyepambwa kwa ajili ya Idi.

Mara ya kwanza huenda lisitokee lolote. Mwili unaionja kemikali, unaiweka kumbukumbu, na mambo yanaishia hapo. Ikirudi mara ya pili au ya tano, kinga ya mwili inaitambua na kuishambulia: baada ya siku moja hadi tatu mistari inavimba, inawasha, inatoa malengelenge yanayofuata ua lile lile, jani kwa jani. Kwa wengine mzio huo hujengeka ndani ya mchoro wa kwanza, ukajitokeza wiki moja au mbili baadaye, wakati piko imeshaanza kufifia na hakuna anayeikumbuka. Jeraha likipona, ua linaweza kubaki likiwa kovu, au alama nyeupe ambayo kwenye ngozi nyeusi haifichiki kwa miezi. Na mzio wenyewe hauponi. Aliyeupata anao maisha yake yote.

Chama cha madaktari wa Marekani wanaoshughulikia mzio wa ngozi kiliichagua PPD kuwa kizio cha mwaka 2006. Sidhani kama habari hiyo ilifika kwa wapakaji wetu, na siwalaumu sana. Ukimuuliza dada anayepaka, "Hii ni hina kweli?" atakujibu kwa moyo mweupe kwamba ni hina nyeusi, kwa sababu ndivyo alivyouziwa dukani na ndivyo alivyofundishwa na aliyemtangulia. Swali bora ni jingine: nitakaa nayo muda gani? Akisema nusu saa, umeshajibiwa.

Hina yenyewe, ile isiyochanganywa, ina rekodi nzuri. Mzio wa lawsoni ni nadra mno ukilinganisha na mamilioni ya watu wanaojipaka kuanzia Morocco hadi India. Lakini kuna kundi moja ambalo kwao si pambo tu. Kuna watu waliozaliwa na upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, kinachozilinda chembe nyekundu za damu. Upungufu huo hurithiwa, na umeenea zaidi mahali ambapo malaria imekaa karne nyingi. Pwani ya Afrika Mashariki imo, Oman imo. Lawsoni ikipenya kwenye ngozi laini ya mtoto mchanga mwenye upungufu huo, chembe nyekundu huanza kupasuka, macho yanageuka njano, mkojo unakuwa mweusi kama kola. Visa vya namna hiyo vimeandikwa katika majarida ya tiba, na baadhi ya watoto walihitaji kuongezewa damu. Wapo bibi wanaompaka mjukuu hina nyayoni akiwa hajafikisha arobaini. Wasikilize kwa heshima, shika mikono yao, lakini mtoto asipakwe.

Nimeanza na hina kwa sababu inaonyesha jambo ambalo matangazo ya vipodozi vya mitishamba hulipita haraka. Mmea kuwa wa asili hakutuambii kama unafaa wala kama ni salama. Maswali hayo mawili yana njia zake za kujibiwa, na kila moja linajibiwa peke yake.

Tuchukue la kwanza kwa mwarobaini. Mwaka 1992 jarida moja la tiba ya nchi za joto lilichapisha kazi iliyofanyika Tamil Nadu, kusini mwa India. Watu 814 wenye upele walipakwa lepe la mwarobaini na manjano, na asilimia 97 wakapona kati ya siku 3 na 15. Takwimu hii imezunguka dunia. Ukiisoma kwenye pakiti ya sabuni inatosha kukufungua pochi. Lakini waandishi wenyewe waliiita kazi ya awali, kwa sababu nzuri: halikuwapo kundi la kulinganishia. Hatujui wangapi wangepona kwa dawa ya kawaida ya upele, wala kwa lepe lisilo na mwarobaini wala manjano, wala kwa kule tu kuoga zaidi na kuanika matandiko, mambo ambayo mtu hufanya akishaandikishwa kwenye utafiti. Upele haupendi kuondoka wenyewe, kwa hiyo mimi naamini kuna kitu pale. Kuamini kwangu si ushahidi. Kilichohitajika ni watu wengine 800 wagawanywe kwa bahati nasibu, nusu hivi na nusu vile, na anayewakagua asijue nani alipakwa nini. Nani atalipia kazi hiyo? Mwarobaini umeota nyuma ya kila nyumba kuanzia Tanga hadi Malindi. Hakuna kampuni itakayouza majani ambayo mteja anaweza kuyachuma bure.

Mwarobaini huo huo unatupa onyo la upande wa pili. Mwaka 1981 madaktari wa Malaysia waliandika katika jarida la Lancet kuhusu watoto walionyweshwa mafuta ya mbegu za mwarobaini kwa maradhi madogo madogo, wakapata degedege na kuharibika ini. Kupaka na kunywa ni vitu viwili, hilo kila mganga analijua. Ila chupa ya mafuta ikishaingia nyumbani haikai mahali pamoja, na mtoto mwenye kikohozi hulala chumba kile kile.

Mafuta ya nazi yalibahatika kupata utafiti wa kweli. Ufilipino, nchi ya minazi kama yetu, watoto 117 wenye ukurutu waligawanywa: kundi moja likapakwa mafuta ya nazi yaliyokamuliwa bila moto, jingine mafuta ya madini, yale ya jamii ya mafuta ya mtoto ya dukani. Aliyepaka hakujua anapaka yapi, wala daktari aliyepima. Baada ya wiki 8, alama za ukali wa ugonjwa zilishuka kwa asilimia 68 katika kundi la nazi na asilimia 38 katika kundi la pili. Matokeo yalichapishwa mwaka 2014. Huo ni ushahidi unaoweza kuutegemea, kwa swali lile lile lililoulizwa: ukurutu wa kiasi, kwa watoto, kwa muda wa wiki 8. Hausemi kwamba mafuta ya nazi yanaondoa chunusi. Kwa uso wenye mafuta yanaweza kuziba vinyweleo na kuzizidisha. Wala hayamfai kila mwenye mba, maana kuvu wanaosababisha mba hula mafuta ya namna hiyo.

Shubiri ina sifa kubwa kuliko rekodi yake. Mtu akiungua jikoni, jani linakatwa kabla hata hajamaliza kupiga kelele. Mwaka 2012 wachambuzi wa mtandao wa Cochrane walikusanya majaribio yote waliyoweza kuyapata juu ya shubiri na vidonda. Walipata 7, yenye washiriki 347 kwa jumla, na wakahitimisha kwamba ushahidi wenye ubora hautoshi kusema lolote la uhakika. Jaribio moja la mwaka 1991, kwa wanawake ambao mshono wao wa upasuaji ulifumuka, liliona kinyume cha matarajio: vidonda vilivyopakwa shubiri vilichukua wastani wa siku 83 kupona, visivyopakwa siku 53. Hayo hayana maana kwamba utupe chungu chako cha mshubiri. Kwa ngozi iliyochomwa na jua au kuungua kidogo baada ya kumwagiwa maji baridi ya bomba kwa dakika 20, ute ule unaburudisha, na kuburudika si jambo dogo. Lakini ute si utomvu. Ukikata jani, kinachotoka kwanza chini ya ganda ni maji ya njano machungu, na hayo huwasha ngozi ya wengi. Wenye kujua husimamisha jani wima, wakaacha njano ichuruzike, wakaosha, ndipo wakakwangua ute.

Manjano nayo yana hadithi ya kusikitisha. Bi harusi wa pwani akisingwa, singo yake huwa na karafuu, waridi, liwa na mara nyingi manjano, na ngozi hutoka laini kwa sababu imesuguliwa na kupakwa mafuta. Manukato ni neema ya ziada. Kurkumini, kiini cha manjano, imechunguzwa maabara kwa maelfu ya kurasa. Mwaka 2017 wanakemia waliopitia yote hayo walieleza kwamba ni kitu kisichotulia, kinachofyonzwa kwa shida, na kinachovuruga vipimo vya maabara kwa namna inayofanya kionekane kina nguvu kuliko kilivyo.

Nililokusudia hasa ni rangi yake. Huko Bangladesh, tangu miaka ya 1980, wasagaji wengine walianza kuongeza kromati ya risasi ili manjano yaliyopauka kwa unyevu yapate kung'aa. Ni madini ya risasi, yale yanayoharibu ubongo wa mtoto. Wachunguzi waliyagundua kwa kufuatilia damu ya wajawazito wa vijijini, wakapanda nayo mpaka kwenye vinu. Mwaka 2019 serikali ilianza kuwatoza faini wafanyabiashara, magazeti yakaandika, na sampuli zenye risasi zikashuka kutoka asilimia 47 mwaka huo hadi sifuri mwaka 2021. Ni nadra kusikia habari ya sumu inayoisha vizuri hivyo. Ila kumbuka kosa halikuwa la mmea. Liliingia njiani, kati ya shamba na soko, na mnunuzi aliyependa manjano yanayong'aa ndiye aliyelilipia.

Hata bila ya mchanganyaji, ndimu inatosha kumtia mtu matatani. Wengi hukata kipande wakajisugua usoni kuondoa madoa, kisha wakatoka kwenda sokoni. Maganda na maji ya ndimu yana furanokumarini, ambazo zikipigwa na jua huunguza ngozi. Siku mbili baadaye panawaka, pengine malengelenge, halafu pale pale panabaki doa jeusi linaloweza kukaa miezi. Mtu anaongeza ndimu ili kuliondoa.

Sasa nije kwenye makopo. Wapo wanaonunua "krimu ya mitishamba" ya ukurutu au ya kung'arisha, haina jina la kiwanda, muuzaji anasema ni mizizi ya bibi yake. Inafanya kazi ajabu: siku tatu tu, mwasho kwisha. Kasi hiyo ndiyo inayonitia wasiwasi. Mwaka 2003 madaktari wa watoto wa Birmingham, Uingereza, waliwaomba wazazi wawaletee krimu za mitishamba zilizowafaa watoto wao. Walipima krimu 24, na 20 zilikuwa na steroidi, nyingi zikiwa na klobetasoli, dawa ambayo daktari huandika kwa tahadhari hata kwa mtu mzima. Miaka minne kabla yake, mjini London, krimu 8 kati ya 11 za mitishamba ya Kichina zilikutwa na deksamethasoni. Steroidi inafanya kazi, hilo halina ubishi. Ikipakwa miezi kwenye uso wa mtoto inaipunguza ngozi unene, inachora mishipa, na ikiachwa ghafla ugonjwa hurudi na hasira.

Mkorogo, mchanganyiko wa kujichubua ngozi, umekaa jirani na krimu hizo. Hidrokwinoni na zebaki zilizomo hazitokani na mmea uliotwangwa, lakini kopo likiandikwa papai au karoti hupita kwa urahisi zaidi. Mkataba wa Minamata ulipiga marufuku vipodozi vyenye zebaki zaidi ya kiwango kidogo sana kuanzia mwaka 2020, na mwaka 2023 nchi wanachama zikakubaliana kukifuta hata kiwango hicho. Tanzania Bara vipodozi viko chini ya shirika la viwango, TBS, tangu 2019; Zanzibar chini ya wakala wa chakula na dawa, ZFDA; Kenya chini ya shirika la viwango, KEBS. Alama yao kwenye boksi ina thamani. Dumu la lita tano lililojazwa chumbani kwa mtu halijapitia kwa yeyote kati yao.

Kwa mtu anayetaka kutumia mimea kwa busara, jaribio la nyumbani ni rahisi. Chukua kiasi kidogo, paka kwenye kunjo la ndani la kiwiko, mara mbili kwa siku, siku 7 mfululizo. Pakiwasha, acha. Jaribio hili litakuonyesha mzio tu. Risasi haiwashi, zebaki haiwashi, na steroidi itapendeza kuliko vyote. Wala usiifanyie piko, maana kuijaribu mkononi ndiko kuufundisha mwili kuichukia. Ukitengeneza mwenyewe, tengeneza kidogo cha kutumia leo. Maji ya majani yaliyowekwa chupani bila kihifadhi ni bwawa la bakteria ndani ya siku chache, hata kama yananukia karafuu. Mafuta nayo huzeeka: ya mchai wa Australia, ambayo kwa asilimia 5 yalishindana vizuri na dawa ya chunusi katika jaribio la mwaka 1990, yakikaa wazi kwa muda mrefu huchachuka na kuwa mepesi zaidi kuleta mzio.

Na kama piko imeshamuunguza mtu, ioshe kwa maji na sabuni, nenda zahanati, usipake dawa ya meno wala hina nyingine juu yake. Mwambie mhudumu wazi kwamba ni piko, aandike kwenye daftari la mgonjwa neno PPD, kwa sababu mwili ulioikataa unaweza kuzikataa jamaa zake: rangi fulani za nguo, baadhi ya mpira mweusi, na benzokeini, dawa ya ganzi iliyomo katika baadhi ya vipoza maumivu ya koo. Mama aliyechorwa akiwa msichana anaweza kusahau kabisa mpaka atakapofika miaka 45, mvi zimeanza, na ameketi saluni akisubiri apakwe nyeusi. Ile ya kichwani ikimpata, uso mzima huvimba mpaka macho yanafumba. Kwa hiyo baada ya daktari, wa pili wa kuambiwa ni msusi.